Simu, Ziara ya Nyumbani au Kliniki: Msaada Upi Umfae Mtoto Mwenye Tatizo la Ukuaji wa Ubongo Janga Linapofunga Milango

Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020, shule zikafungwa siku chache baadaye, na watoto wengi hawakurudi darasani hadi tarehe 4 Januari 2021. Kwa familia ya Nyalenda mjini Kisumu, Luanda kaunti ya Vihiga au Kaptembwo mjini Nakuru iliyokuwa na mtoto mwenye usonji, mtindio wa ubongo au ulemavu wa akili, au mtoto asiyeweza kutulia wala kukaza fikira, masomo yalikuwa sehemu ndogo ya yale yaliyopotea. Mazoezi ya viungo yalikatika, chakula cha mchana cha shuleni kikakosekana, mwalimu aliyejua namna ya kumtuliza mtoto akawa mbali, na zile saa chache ambazo mama alizitumia kuuza sokoni Kibuye zikatoweka. Mwaka huo wa 2020 mto Nzoia ulivunja kingo zake, na baadhi ya familia za Budalang'i zikalazimika kuishi kambini, mahali ambapo mtoto anayeumizwa na kelele hana pa kujificha. Mpox iliingia nchini Julai 2024. Kwa hiyo swali la msaada upi uchaguliwe milango inapofungwa ni la kujiandaa nalo mapema, milango ikiwa bado wazi.

Hapa nalinganisha njia zilizokuwepo wakati ule na ambazo zingali zipo: msaada wa simu, mhudumu anayefika nyumbani, kliniki yenyewe, na masomo ya redio na televisheni. Kipimo ninachotumia kwa zote ni kimoja. Mtoto wa aina hii hukaa na mtaalamu kwa muda mfupi sana katika wiki, hata nyakati za kawaida, na saa zote zilizobaki hukaa na mama, nyanya, dada mkubwa au msaidizi wa nyumbani. Msaada unaomwacha mlezi akijua jambo la kufanya kesho una thamani kubwa kuliko ule unaomfurahisha mtoto kwa nusu saa kisha ukamwacha mlezi alivyokuwa. Asiyekubaliana na kipimo hicho huenda akafika kwenye uamuzi tofauti na wangu.

Simu: njia tatu zinazochukuliwa kuwa moja

Watu wanapozungumzia tiba kwa simu huchanganya mambo matatu. La kwanza ni mazungumzo ya sauti kati ya mtaalamu na mlezi. La pili ni video ya moja kwa moja, mtoto akiwa ameketishwa mbele ya kamera. La tatu ni video fupi ambayo mlezi anairekodi nyumbani na kuituma, kisha mtaalamu anaitazama kwa wakati wake na kujibu kwa ujumbe wa sauti.

Video ya moja kwa moja ndiyo inayosifiwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo isiyowafaa watu wengi wa maeneo haya. Inahitaji simu janja, mtandao usiokatika, umeme wa kuichaji simu na bando la kutosha, kwa kuwa picha hula data nyingi mno kuliko sauti. Tena mtoto mdogo mwenye usonji hana sababu ya kuitazama sura ya mtu kwenye kioo. Ataikamata simu atafute katuni alizozizoea, au atakimbilia uani, na kipindi kizima kitaishia kwa mama kumng'ang'ania mtoto huku mtaalamu akitazama dari. Hata hivyo, isikataliwe moja kwa moja. Inamfaa mtoto mkubwa kidogo anayezungumza na ambaye tayari alikuwa anamjua mtaalamu huyo kabla ya milango kufungwa, na inafaa pia mara mojamoja mtaalamu anapohitaji kuona kiti, kitanda au mlango wa nyumba.

Video fupi ya kurekodi ni jambo jingine kabisa. Mama anamrekodi mtoto akila, akivaa viatu au akikataa kuoga kwa dakika mbili, kisha anaituma usiku, au saa yoyote anapopata bando. Mtaalamu anaona maisha halisi, wala si mtoto aliyelazimishwa kutulia. Anaweza kuirudia, akasema, "Hapo ulipomnyima kikombe alikuangalia usoni, hiyo ndiyo nafasi ya kusubiri kidogo kabla ya kumpa." Ushauri wa namna hiyo humwingia mlezi kwa sababu unahusu jambo alilolifanya kwa mikono yake mwenyewe. Udhaifu wake ni kuchelewa kwa jibu, na faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na video ya mtoto akiwa nusu uchi au akijipiga kichwa ukutani ni taarifa nyeti kweli. Itumwe kwa mtaalamu peke yake, isipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi hata kama nia ni njema, kwa kuwa ikishatoka mikononi mwa watu wawili hairudi.

Mazungumzo ya sauti yanawezekana hata kwa kabambe, yaani simu ya kawaida isiyo janja, na hilo pekee linayatanguliza mbele ya mengine. Mtoto si lazima awepo. Mlezi na mtaalamu wanazungumzia yaliyotokea wiki iliyopita, wanachagua lengo moja dogo, na wanakubaliana siku na saa ya kuongea tena. Lengo likiwa kwamba mtoto aonyeshe kikombe kwa kidole kabla ya kupewa maziwa, mlezi ana nafasi kadhaa za kulifanyia mazoezi kila siku bila kutenga muda wa pekee. Kasoro ni kwamba mtaalamu haoni, hivyo anategemea maneno ya mlezi, na mlezi anayeishi chumba kimoja na familia nzima hana pa kusemea machungu yake bila kusikika na mtoto huyohuyo au na majirani. Jambo linalosahauliwa zaidi ni lugha. Katika maboma mengi ya Vihiga, Siaya na Kakamega anayemlea mtoto huyu ni nyanya, na mtaalamu anayempigia kwa Kiswahili cha hospitalini, wakati nyanya huyo anawaza kwa Kiluhya au Kidholuo, atapata majibu ya "ndiyo, daktari" tangu mwanzo hadi mwisho. Kama mtaalamu haijui lugha hiyo, ni bora shangazi au mwalimu wa kijijini aungane nao kwenye laini moja.

Kati ya hizo tatu, ningechagua sauti kila wiki kwa saa isiyobadilika, nikiongeza video moja fupi ya kurekodi pale ambapo simu janja ipo, hata kama ni ya kuazima.

Mhudumu anayefika nyumbani

Kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba mtu asiye mtaalamu, akifunzwa na kusimamiwa, anaweza kuisaidia familia nyumbani kwake. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistan, ambapo wahudumu wasio wataalamu waliwaongoza wazazi wa watoto wenye usonji kwa kuwaonyesha video zao wenyewe wakicheza na watoto wao. Wazazi walianza kuwaitikia watoto kwa namna inayooana na kile watoto walichokuwa wakifanya, na watoto wakaanza zaidi wao wenyewe kuwasiliana na wazazi, ingawa matokeo hayakuwa mazuri kila upande, kwani muda wa mzazi na mtoto kuelekeza macho kwenye kitu kimoja kwa pamoja ulipungua. Shirika la Afya Duniani nalo lina mpango wa kuwafunza walezi wa watoto wa umri wa miaka 2 hadi 9 wenye ulemavu au ucheleweshaji wa ukuaji, wenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na wanaouendesha si lazima wawe wataalamu.

Katika nchi yetu mtu wa karibu zaidi na mlango wa familia ni mhudumu wa afya ya jamii, ambaye kwa kawaida huhudumia takriban nyumba 100. Mwaka 2020 alikuwa mtu wa kujitolea. Mwaka 2023 serikali iliwazindua upya wahudumu wapatao 100,000 kote nchini, wakapewa vifaa na posho. Nguvu yake kubwa ni kwamba anajua ni nyumba ipi ina mtoto asiyeonekana nje. Simu haimfikii mtoto aliyefichwa, kwa sababu hakuna aliyetoa namba yake. Mhudumu anayepita njia ya kijiji anaweza kumkuta, akauliza kwa upole, akarudi tena, mpaka mlango ufunguliwe.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ziara inaishinda simu waziwazi. Namna ya kumbeba mtoto aliyekakamaa, ya kumketisha bila kuteleza, na ya kumlisha, huoneshwa kwa mikono. Mtoto anayelishwa akiwa amelala chali yuko katika hatari ya chakula kuingia mapafuni, na maambukizi ya kifua yanayofuata humdhoofisha sana. Anapaswa kuketishwa wima, kichwa kisiinamishwe nyuma, apewe kiasi kidogo kwa kijiko kidogo, na asubiriwe ameze. Kiti cha pembe cha kumsaidia kukaa kinaweza kutengenezwa na fundi seremala wa mtaani kwa mbao, au kwa matabaka ya maboksi yaliyoganda kwa gundi ya unga, mradi tu mtu anayejua vipimo afike ampime mtoto. Hapo ndipo pa kukumbuka mpaka: mhudumu wa jamii anaweza kukumbusha, kuonyesha mkao na kuielekeza familia hospitalini, lakini asiombwe kunyoosha kwa nguvu miguu iliyokakamaa, kwa kuwa kazi hiyo ina wataalamu wake na ikifanywa vibaya humwumiza mtoto.

Kasoro za ziara zilikuwa nzito mwaka ule wa 2020. Mgeni anaweza kuleta ugonjwa, na wakati huo hapakuwa na chanjo. Shehena ya kwanza ya chanjo ya korona ilifika Kenya tarehe 3 Machi 2021. Watoto wenye kifua dhaifu, pamoja na nyanya wanaowalea, ndio waliokuwa na la kupoteza zaidi. Boma la kijijini lina mwembe wa kukalia chini yake, hewa ikapita, watu wakaachana nafasi; kwenye ploti ya mtaa wa Manyatta mjini Kisumu au wa Kaptembwo, ambapo vyumba vinatazamana na bomba ni moja, nafasi hiyo haipo. Zaidi ya hayo, mtu aliyevaa barakoa na fulana ya afya akiingia kwa mtu mwaka 2020, majirani walikuwa tayari kusema nyumba hiyo ina korona, na familia ambayo tayari inanong'onwa kwa sababu ya mtoto ikabeba mzigo wa pili. Ziara zipangwe chache, kila moja iwe na kazi iliyo wazi, na katikati yake simu ya sauti iendeleze yaliyofunzwa.

Yasiyoweza kuondolewa kliniki

Watoto wengi wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo wana kifafa pia, na hapo mjadala wa simu au ziara unakoma. Dawa za kifafa hazipaswi kukatizwa ghafla, kwa sababu degedege hurudi kwa nguvu na huenda lisikatike. Degedege linalozidi dakika tano ni la kukimbizwa hospitalini saa hiyohiyo, kafyu iwepo isiwepo. Basi jambo la kwanza familia inaposikia fununu za kufungwa kwa njia ni kuhesabu vidonge, kisha kumwomba daktari dawa za muda mrefu zaidi pamoja na barua itakayoiwezesha kuongeza dawa katika kituo cha karibu. Dereva wa bodaboda anayekubali kuitwa usiku atafutwe mapema, na namba yake ibandikwe ukutani.

Ubaya wa kuitegemea kliniki kwa kila jambo tuliuona. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8, na nauli ikapanda. Wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma kuanzia Desemba 2020. Tarehe 26 Machi 2021 kaunti ya Nakuru ilifungiwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, asiingie mtu wala kutoka, hadi tarehe 1 Mei. Mzazi wa Londiani aliyezoea kumpeleka mtoto mjini Nakuru akajikuta upande wa pili wa mpaka wa kaunti. Juni mwaka huohuo, kaunti 13 za ukanda wa Ziwa na magharibi ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Hospitali kubwa kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wenyeji bado huiita Russia, au ile ya Moi mjini Eldoret, hubaki wazi, lakini safari ya kuifikia ndiyo inayogeuka kikwazo, na mtoto asiyevumilia umati wala barakoa hufika amechoka kabla ya kumwona yeyote.

Kwa hiyo safari za kliniki ziwekwe akiba kwa ajili ya mambo haya: degedege, dawa, mtoto aliyeacha kula au anayepungua uzito, homa yenye kupumua kwa shida, na mtoto aliyepoteza ghafla uwezo aliokuwa nao. Mazoezi ya kawaida ya usemi au ya mikono yanaweza kuhamia nyumbani. Tathmini ya kwanza ndiyo inayonipa shida kuiamua. Vituo vya tathmini vya Wizara ya Elimu, ambavyo wazazi huviita EARC na ambavyo vimekuwepo tangu mwaka 1984, ndivyo vinavyomwelekeza mtoto kwenye shule inayomfaa, na tathmini ya hospitali ya umma inahitajika ili kusajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Bila karatasi hizo milango kadhaa haifunguki. Lakini kumfundisha mtoto kuomba maji kwa ishara hakuhitaji karatasi, na mzazi aliyesubiri cheti kwa mwaka mzima kabla ya kuanza amempotezea mtoto mwaka ambao ubongo wake ulikuwa mwepesi kujifunza.

Redio na televisheni

Masomo yaliyotayarishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala na kurushwa na redio ya KBC na Edu Channel yaliwasaidia watoto wanaofuata darasa kwa darasa. Mtoto anayejifunza kwa hatua, ambaye lengo lake la muhula ni kufunga vifungo vya shati au kukaa kwenye mkeka kwa dakika chache, hakupata mengi humo. Faida aliyoipata ni saa. Kipindi kinachoanza wakati uleule kila siku kinaweza kuwa kigingi cha ratiba ya nyumba: baada ya uji, redio, baada ya redio, kuchota maji pamoja. Kwa mtoto mwenye usonji ambaye dunia yake ilivurugika shule ilipofungwa, mpangilio huo una uzito kuliko yaliyosemwa redioni. Picha zilizochorwa kwa makaa kwenye kipande cha boksi, zikionyesha kinachofuata, hugharimu karibu bure na zinamfaa hata asiyezungumza.

Mlezi mwenyewe

Katika ulinganisho huu kuna msaada mmoja usioonekana kama tiba, nao ni chama cha wazazi. Wanawake waliokuwa wakikutana kila mwezi kwa ajili ya kuweka akiba walikatazwa kukusanyika, lakini walioendelea kupigiana simu walikuwa na mtu wa kuwaambia kwamba usiku uliopita hawakulala, kwamba mume ameondoka, kwamba wamempiga mtoto na wanajutia. Mtaalamu hupiga simu mara moja kwa wiki. Mwenzako wa chama hupiga saa nne usiku. Ningependa kila mtaalamu anayeanzisha huduma ya simu aanze kwa kuuliza kama mlezi ana mwenzake wa namna hiyo, na kama hana, amuunganishe na mmoja kabla ya kufundisha zoezi lolote. Kwa hali inayozidi uwezo wa marafiki, laini ya 116 hupokea bila malipo simu zinazohusu usalama wa watoto, na 1199 ya Msalaba Mwekundu hutoa ushauri nasaha.

Pesa nazo zitajwe. Familia inayosaidiwa kupitia Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza, kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu mkubwa hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho kikigawanywa kati ya unga, dawa na nepi, kinachobaki kwa bando ni kidogo mno, na ndiyo sababu mpango wowote wa msaada wa simu unaomwachia mlezi gharama ya kupiga utawaacha nje wale wale uliokusudiwa kuwafikia. Mtaalamu ndiye apige.

Milango ikifunguliwa: bweni au kutwa

Shule nyingi za mahitaji maalumu magharibi mwa Kenya ni za bweni, na Machi 2020 watoto walirudishwa kwa familia ambazo zilikuwa zimezoea kuwaona wakati wa likizo tu. Wengine walirudi wakijua ishara ambazo hakuna nyumbani aliyezijua. Wakati wa kurejea, wazazi walijiuliza kama wawapeleke tena au wawatafutie kitengo cha kutwa katika shule ya msingi ya karibu. Bweni lina walimu na vifaa zaidi, na kwa mtoto asiye na mlezi wa mchana linaweza kuwa ndilo chaguo pekee la usalama. Kitengo cha kutwa huwa na mwalimu mmoja kwa watoto wa aina nyingi, lakini mtoto analala kwao, mlezi anaongea na mwalimu langoni, na milango ikifungwa tena harudi nyumbani kama mgeni. Familia yenye mtu mzima nyumbani na shule yenye kitengo kwa umbali wa kutembea, ningeishauri kutwa. Aliye na degedege lisilodhibitiwa asipelekwe bweni mpaka mzazi ajue kwa jina ni nani anayempa dawa usiku.

Kuhusu barakoa, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza Agosti 2020 kwamba mtoto mwenye ulemavu wa ukuaji asilazimishwe kuivaa, kila mtoto aangaliwe kivyake. Mzazi anaweza kumpelekea mwalimu mkuu msimamo huo kwa maandishi kabla ya siku ya kufungua, akiambatisha barua ya daktari, na akikubaliana naye mtoto atakaa sehemu gani ya darasa yenye hewa, nani atamwosha mikono, na mzazi atapigiwa simu kwa namba ipi mtoto akishindwa kutulia.